Shajara ya mradi: hisabati na stadi za taarifa kwa mwaka wa kwanza, Mwanza 2024/25

12 Agosti 2024: Tulipoanzia

Shajara hii naiandika kwa ajili ya wakufunzi wenzangu wa vyuo vya kati wanaobebeshwa yale masomo mawili ambayo hakuna anayeyagombania: hisabati ya msingi na stadi za taarifa. Chuo chetu ni kidogo, kiko hapa Mwanza upande wa Ilemela, na wanachuo wake ni wa ngazi ya 4 na ya 5 za NTA, yaani za cheti kabla ya stashahada: biashara, maendeleo ya jamii, utunzaji wa kumbukumbu. Wengi wamekuja na D au F ya hisabati ya kidato cha nne. Hawakupita mlango wa nyuma. Kozi nyingi za ngazi ya 4 zinataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na hisabati si lazima iwemo.

Hadi mwaka jana masomo haya yalikuwa na walimu wawili wasiokutana. Mimi nilifundisha sehemu, asilimia, milinganyo, seti na takwimu kidogo. Mkutubi wetu alifundisha kutumia maktaba, kutafuta mtandaoni na kuandika marejeo. Mwisho wa muhula wanachuo walipata sapu (mtihani wa marudio) kwangu, wakafaulu kwake, kisha mwaka wa pili wakaleta ripoti za mafunzo kwa vitendo zilizojaa namba ambazo hujui zimetoka wapi wala zinahesabu nini. Ripoti hizo ndizo zilizotukalisha meza moja.

Mpango wenyewe ni kuyafundisha masomo haya kwa pamoja walau mara moja kwa wiki, kila moja likibaki na alama zake, kwa kuwa mtaala hauturuhusu vinginevyo. Mkuu wa idara ametupa shilingi 900,000 na sharti moja: risiti.

6 Septemba 2024: Kozi ya maandalizi tumeikataa

Hapa ndipo tulipovutana. Wenzetu wawili idarani walitaka wanachuo dhaifu warudishwe kwanza kwenye hisabati ya sekondari kwa wiki sita, ndipo waruhusiwe kugusa takwimu. Hoja yao ina uzito. Utamfundishaje mtu wastani wakati kujumlisha sehemu tu kunamtoa jasho? Lakini kozi ya namna hiyo tumeshawahi kuiendesha hapa. Waliokuwa wanaihitaji zaidi ndio waliotoroka mapema, maana hakuna mtu mzima anayependa kukalishwa tena kidato cha pili huku wenzake wanasonga mbele.

Kilichopunguza ubishi ni utafiti wa Marekani. Mwaka 2016 Alexandra Logue na wenzake wa City University of New York walichapisha matokeo ya jaribio lililowagawa wanachuo kwa bahati nasibu katika makundi matatu, wote wakiwa wameshaonekana hawajaiva kwa hisabati ya chuo. Kundi la kwanza lilirudia aljebra ya msingi. La pili lilirudia aljebra hiyo hiyo, likaongezewa vipindi vya msaada. La tatu liliingizwa moja kwa moja kwenye takwimu za chuo, nalo likiwa na vipindi vya msaada. Waliofaulu ni asilimia 39, 45 na 56 kwa mfuatano huo. Yaani waliorukishwa ndio waliofanya vizuri zaidi. New York si Mwanza, na mimi si mtu wa kubeba kila kinachotoka Marekani, ila ile hoja ya "waive kwanza" iliishiwa nguvu.

Tumekubaliana hivi: Jumatatu hisabati, Jumatano taarifa, Ijumaa kipindi cha pamoja ambapo mkutubi na mimi tunasimama wote wawili mbele ya darasa tukiwa na jedwali moja la kweli. Pengo la sekondari tutaliziba pale litakapojitokeza. Jedwali likidai sehemu, tunafundisha sehemu siku hiyo hiyo.

27 Septemba 2024: Kisanduku

Intaneti ya chuo ni ya kusuasua na bando ni mzigo wa mwanachuo mwenyewe. Kwa hiyo fedha za kwanza zilikwenda kwenye kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi, ambayo sote tunaiita kisanduku. Ndani yake tuliweka Kolibri kwa ajili ya mazoezi ya hisabati, na Kiwix, ambayo inakuwezesha kubeba Wikipedia nzima na kuisoma bila mtandao. Wikipedia ya Kiingereza hata bila picha inazidi GB 50, na kwa bando letu tungeipakua hadi mahafali. Mwenzetu aliyekuwa Dar es Salaam aliipakua huko, akaikabidhi diski kwenye basi, tukalipia kifurushi shilingi 8,000.

Kilichofuata kilikula muda kuliko tulivyopanga. Umeme ukikatika ghafla wakati kisanduku kinaandika kitu, kadi ya memori inaharibika. Mara ya kwanza tuliipanga upya. Baadaye ikagoma kabisa kusomeka. Tukajaribu kukiunganisha na pawabenki. Ile tuliyonayo, umeme ukikatika, inachukua nukta moja kubadilika kutoka kuchaji kwenda kutoa, na nukta hiyo inatosha kisanduku kuzima na kuwaka upya. Suluhisho lilikuwa kabatini: laptop ya zamani ya ofisi ya usajili, kioo kimepasuka, mashine nzima. Kolibri na Kiwix zote zinakubali kukaa kwenye laptop ya kawaida. Tulinunua betri mpya kwa 65,000, na sasa umeme ukikatika hata haishtuki. Anayeanza leo asinunue kisanduku. Atafute laptop iliyotupwa.

Tatizo la simu lilikuwa dogo, ila lilitugharimu kipindi kizima. Simu ikigundua kuwa Wi-Fi iliyounganishwa nayo haina intaneti, inarudi kimyakimya kwenye bando. Ukurasa haufunguki, na mwanachuo anakuambia, "Mwalimu, mtandao wenu mbovu." Tumeandika ubaoni kwa herufi kubwa: zima data kwanza, simu ikiuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, ikubalie. Ruta nayo ni ya nyumbani, ya 70,000, na darasa zima likiingia kwa pamoja inakaba. Kwa hiyo tumeamua watu watatu simu moja. Uamuzi huu ulitokana na uhaba, ila nisingeubadilisha hata tukipewa ruta kubwa. Watatu kwenye simu moja wanabishana kwa sauti, na ubishi huo ndio unaotuonyesha wanachokifikiri.

18 Oktoba 2024: Karatasi yenye pande mbili

Jaribio la kupima uwezo tulilitoa kwenye karatasi moja. Upande wa kwanza una hesabu tupu: asilimia 35 ya 1,200, gawanya, tafuta wastani. Upande wa pili una hesabu zile zile, ila zimefichwa ndani ya jedwali la sensa. Kikokotoo cha simu ruksa pande zote.

Upande wa kwanza ulikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Upande wa pili ulikuwa kilio. Jedwali lilikuwa na safu tatu, wanaume, wanawake na jumla, na swali liliuliza wanawake ni asilimia ngapi ya wakazi. Karatasi nyingi zilijumlisha safu zote tatu, kisha zikatumia jumla hiyo kama kigawanyo. Ukifanya hivyo unapata nusu ya jibu, karibu asilimia 25, na hakuna aliyeshangaa kuona robo tu ya watu ni wanawake. Wengine walichukua namba ya kwanza ya mstari na ya mwisho, wakagawanya, wakaenda zao.

Mkutubi alisema jambo lililobadilisha mpango wetu: "Hawa hawafeli kuhesabu. Wanafeli kabla hawajaanza kuhesabu." Tumepunguza mazoezi ya milinganyo kwenye ratiba ya Jumatatu na mahali pake tumeweka majedwali.

1 Novemba 2024: Asilimia 424

Zoezi lilionekana jepesi. Mwanza imekua kwa asilimia ngapi kati ya sensa ya 2012 na ya 2022? Kila kundi litafute namba zake lenyewe.

Kundi la nyuma dirishani lilimaliza kwanza, likajiamini. Mwaka 2012: watu 706,453. Mwaka 2022: watu 3,699,872. Wametoa, wamegawanya kwa namba ya mwanzo, wamezidisha kwa mia, wamepata asilimia 424. Nilifuata hesabu mstari kwa mstari na sikuona kosa. Mkutubi alifuata vyanzo, navyo vyote viwili vilikuwa vya sensa. Namba zote mbili ni za kweli, na zote zinaitwa Mwanza.

Nikawauliza darasa: kama watu wameongezeka mara tano ndani ya miaka kumi, mnadhani mji ungekuwaje? Kimya kidogo, kisha binti mmoja wa Ukerewe akasema, "Mwalimu, hapa Buzuruga tungekuwa tunalala tumesimama." Darasa lilipomaliza kucheka lilikuwa limeshakubali kuwa kuna kitu hakiko sawa, na utafutaji ukaanza upya bila mimi kusema neno.

Waligundua wenyewe. 706,453 ni watu wa jiji, yaani Nyamagana na Ilemela. 3,699,872 ni watu wa mkoa mzima, pamoja na Ukerewe, Sengerema, Buchosa, Magu, Kwimba na Misungwi. Mkoa kwa mkoa, ongezeko ni kutoka 2,772,509, yaani asilimia 33.4. Jiji kwa jiji, ni kutoka 706,453 hadi 1,104,521, yaani asilimia 56. Hata hizo mbili zina habari yake: jiji linakua kasi kuliko mkoa wake. Lakini hakuna njia ya kufika huko kama hujui namba uliyoshika ni ya wapi.

Baada ya hapo tulitega mtego wa pili: kwa mwaka je? Wote waligawanya 33.4 kwa 10, wakaandika 3.34. Tukawaambia wajaribu: anzeni na 2,772,509, ongezeni asilimia 3.34 kila mwaka, mara kumi. Wenye vikokotoo vya simu walizidisha kwa 1.0334 mara kumi mfululizo na kufika karibu 3,851,000. Wameongeza kama watu laki moja na nusu ambao hakuna aliyewahesabu. Kwa nini? Kwa sababu watoto waliozaliwa mwaka wa kwanza nao wanaingia kwenye hesabu ya mwaka wa pili. Logi hawazijui, na hatukuzifundisha. Walikisia na kujaribu: asilimia 3 inafikisha 3,726,000, bado ni nyingi, 2.9 inafikisha 3,690,000, imepungua kidogo. Jibu liko kati ya hizo, karibu zaidi na 2.9. Dakika ishirini zilikwisha hapo, na ni dakika bora za muhula huu mpaka sasa.

Tangu siku hiyo kila namba inayoandikwa darasani inabeba vitu vitatu: ni ya wapi, ni ya lini, na nani kasema. Wanachuo wenyewe wameviita NIDA ya namba, kwa mfano wa kitambulisho cha taifa. Ukiandika namba bila hivyo, jirani yako anakuuliza, "Hii NIDA yake iko wapi?" Sisi tusingebuni jina zuri hivyo.

15 Novemba 2024: Ziwa lina ukubwa gani

Zoezi la wiki hii: eneo la Ziwa Victoria. Zimerudi namba tatu. Waliotumia nyaraka za Afrika Mashariki walileta kilomita za mraba 68,800. Waliofungua Britannica walileta 69,484. Waliotumia Wikipedia ya Kiingereza walileta 59,947.

"Mwalimu, sasa jibu ni lipi?" Hatukulitoa. Tuliwaambia watafute tofauti kati ya 68,800 na 59,947 kwa asilimia, na hapo darasa likagawanyika tena, nusu wakisema 12.9, nusu wakisema 14.8. Wote wako sahihi. Tofauti ni 8,853. Ukigawanya kwa namba kubwa unapata ya kwanza, ukigawanya kwa ndogo unapata ya pili. Ndipo swali la "asilimia ya nini?" lilipowakaa. Kisha tukachukua mgao unaotajwa mara nyingi, Tanzania asilimia 49, Uganda 45, Kenya 6, tukakokotoa sehemu yetu: 33,712 kwa namba ya kwanza, 29,374 kwa namba ya Wikipedia. Kilomita za mraba zaidi ya 4,300 zimepotea bila tone la maji kupungua. Maswali yaliyofuata yalitoka kwao: visiwa vimehesabiwa ndani? Ufuko umechorwa mwaka gani, maana maji hupanda na kushuka? Mtoto wa mvuvi wa Sengerema alituambia alivyoona mawe ya utotoni mwake yakizama.

Zoezi hili lilifichua udhaifu mkubwa wa mradi. Makundi yote yaliyotumia mtandao wetu wa ndani yalileta 59,947, na hayakuwa na cha kubishania. Waliobishana ni wale waliotumia bando lao. Wikipedia ya kwenye laptop inafaa kwa mambo mengi, lakini iko peke yake humo ndani. Hakuna wa kuipinga. Kwa hisabati mtandao wa ndani unatutosha. Kwa taarifa, unamzoesha mwanachuo kuamini ukurasa mmoja. Kuanzia wiki ijayo kila Ijumaa tunanunua bando na kugawa intaneti ya kweli kutoka simu ya idara.

Kulikuwa na pendekezo la kutumia ajali ya meli ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996 kama zoezi, kwa sababu idadi ya waliofariki inatofautiana sana kutoka chanzo hadi chanzo, na sababu yake inafundisha: huwezi kutoa hesabu kamili ya watu ambao orodha ya abiria haikuwaandika wote. Kitaaluma ni mfano usio na mpinzani. Tumeuacha. Makaburi yako Igoma, darasani wamo watu wenye ndugu zao pale, na sitaki mtu akokotoe asilimia ya msiba wa nyumbani kwake ili apate alama tano.

29 Novemba 2024: Seti, utafutaji, na mikopo ya simu

Seti kwenye hisabati na utafutaji kwenye taarifa ni somo moja. George Boole, Mwingereza wa karne ya 19, ndiye aliyeiweka mantiki hiyo kwenye alama za kihesabu, na injini za kutafuta zinaitumia hadi leo. Hata hivyo mihula yote tulikuwa tunalifundisha mara mbili bila kuambiana.

Wanachuo walikuwa wanaamini kuwa ukiongeza maneno kwenye utafutaji, majibu yanaongezeka. Mchoro wa Venn ubaoni haukuwatikisa, wameshauona sekondari. Kilichofanya kazi ni kamba mbili za katani sakafuni na kadi za manila zenye vichwa vya habari. Kamba moja "dagaa", nyingine "Mwanza". Waliweka kadi kila moja mahali pake, na zilizoangukia katikati zilikuwa chache kuliko za kila upande. Tukaongeza kamba ya tatu, "bei". Katikati zikabaki kadi mbili. Kamba na manila: 11,500.

Kupima uaminifu wa ukurasa kulitusumbua zaidi. Mkutubi alikuwa anatumia orodha ya maswali matano iliyotungwa na wakutubi wa California State University, Chico: je, taarifa ni mpya, inahusiana na unachotafuta, mwandishi ana mamlaka, ni sahihi, kusudi lake nini? Wanachuo waliijaza kwa bidii, na walipitisha karibu kila kitu. Ukurasa una nembo? Ndiyo. Una anwani? Ndiyo. Una tarehe? Ndiyo. Tapeli naye anajua kuweka nembo, anwani na tarehe.

Tulihamia kwenye njia waliyoieleza Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford mwaka 2017. Waliwalinganisha wanahistoria, wanachuo wa Stanford na wahakiki wa habari wa kitaalamu. Wahakiki ndio waliokuwa wepesi na sahihi, kwa sababu hawakukaa kwenye ukurasa wakiuchunguza. Waliuacha haraka, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini juu yake. Njia hii inadai intaneti hai, kwa hiyo lile bando la Ijumaa lilikuja wakati wake.

Mada nayo ilijileta. Mwezi huu Benki Kuu imetoa orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Nusu ya darasa ina programu ya aina hiyo kwenye simu, au ina mtu nyumbani aliyewahi kupigiwa simu na wadai wake. Kila kundi lilichukua tangazo moja, likatafuta jina kwenye orodha, kisha likakokotoa. Tangazo la mfano tulilolitunga ubaoni: mkopo 100,000, riba asilimia 15 "tu", siku 14, ada ya 12,000 inakatwa mwanzoni. Mkopaji anapokea 88,000 na kurudisha 115,000. Gharama halisi ni 27,000 juu ya 88,000, yaani karibu asilimia 31 kwa wiki mbili. Kijana mmoja aliandika namba hiyo, akaipigia mstari, akatoa simu yake na kufuta programu pale pale. Sikumuuliza ni ipi.

13 Desemba 2024: Mizani Mwaloni

Tuliazima wazo kutoka kwa darasa lenyewe: bei za soko zinatajwa kwa ndoo, sado (kindoo kidogo cha kupimia) na gunia, na hakuna anayejua hizo ni kilo ngapi. Tukanunua mizani ya kuning'iniza, 35,000, tukaenda soko la Mwaloni, Kirumba.

Safari ya kwanza haikuzaa kitu. Tulipotoa mizani tu, mama mmoja wa dagaa alifunika ndoo yake kwa kanga. "Nyie ni watu wa vipimo?" Hapana mama, shikamoo, ni wanachuo. "Wanachuo gani wanatembea na mizani?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Tulirudi mikono mitupu, na mizani ikabaki kwenye mfuko. Mara iliyofuata mwanachuo ambaye mama yake anauza pale alitutangulia, akaongea na uongozi wa soko, na sisi tukanunua dagaa kidogo kwanza kabla ya kuomba chochote. Atakayeiga zoezi hili aanze na hatua hiyo.

Darasa lilipima sado ya mfuto na sado yenye kilele. Kilele cha sado moja kilikaribia robo kilo. Bei ni ile ile, kilo tofauti, kutegemea mnunuzi ni mgeni au mteja wa siku zote. Tulirudi darasani na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi. Sheria inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Chukua gunia la viazi vitamu la 90,000: likiwa la kilo 100, mkulima amepata 900 kwa kilo, likiwa lumbesa ya kilo 130, amepata 692. Jedwali la bei litaandika "gunia, 90,000" kwa yote mawili. Binti wa Kwimba, ambaye kwao wanakausha michembe (vipande vya viazi vitamu), alisema sasa anajua kwa nini baba yake anauza magunia mengi na fedha haionekani.

Namba imeongezewa kitambulisho cha nne: kizio, yaani imepimwa kwa kipimo gani.

24 Januari 2025: Marejeo ya akili mnemba

Kazi za likizo zilirudi zikiwa na marejeo yaliyopangwa vizuri kuliko yetu wenyewe. Mkutubi aliyafuatilia moja moja. Jarida lipo, toleo lipo, kurasa zilizotajwa ni za makala nyingine kabisa. Kwingine mwandishi yupo, ila hajawahi kuandika kitu hicho. Ni kazi ya akili mnemba: inaunganisha vipande vya kweli kuwa kitu ambacho hakipo.

Kukataza hakusaidii, hatuna namna ya kukamata. Badala yake tumebadilisha kinachopewa alama. Kila rejeo liambatane na sentensi iliyonukuliwa kutoka kwenye ukurasa husika, pamoja na picha ya ukurasa huo kwenye simu. Tumeanza pia kuleta majibu ya akili mnemba darasani na kuyakagua kama jedwali lingine lolote. Kuyasahihisha kunachukua muda mrefu kuliko kuyaandika, na wanachuo wameliona hilo wenyewe. Kwetu sisi usahihishaji nao umerefuka. Afadhali mtu ajue kabla hajaiga.

Ile karatasi ya Oktoba tuliirudia, namba zikiwa zimebadilishwa. Kosa la kujumlisha jumla pamoja na sehemu zake limekaribia kwisha. Ongezeko la kwa mwaka bado linasumbua. Na kuna deni: milinganyo. Darasa hili ni dhaifu kwenye milinganyo kuliko la mwaka jana, kama ilivyotarajiwa baada ya kuikata Oktoba. Mwenzetu wa mwaka wa pili anayefundisha uhasibu ameshatuletea malalamiko, na hajakosea.

14 Februari 2025: Fedha na muhula ujao

Kisanduku pamoja na kadi na chaja, 310,000. Ruta 70,000. Kifurushi cha basi 8,000. Betri ya laptop 65,000. Kopi za majedwali stesheneri, 126,500. Bando za Ijumaa, 192,000. Mizani 35,000, kamba na manila 11,500. Jumla 818,000. Ukiondoa kisanduku, ambacho kimelala kabatini, mradi wote ungegharimu 508,000, na kati ya hizo kitu nisichoweza kukiacha ni kopi na bando.

Kwa anayetaka mazoezi ya hisabati ya kuanzia bila kuyatunga, vitabu vya OpenStax vya Chuo Kikuu cha Rice ni bure, na kile cha Prealgebra leseni yake inaruhusu kunakili, kukata na kutafsiri mradi utaje chanzo. Sisi tulitoa kopi ya kurasa tulizohitaji tu. Kitabu kizima kina kurasa zaidi ya elfu na kingemaliza bajeti.

Muhula wa pili Jumatatu mbili kila mwezi zinarudi kwenye milinganyo, ila kwa kuanzia na majedwali ya ada za kutuma fedha kwa simu, ambako ada inaruka ngazi kwa ngazi na mtu anaweza kujiuliza kama ni nafuu kutuma mara moja au kugawa mara mbili. Salio la 82,000 tumeomba libaki kwa ajili ya bando. Idara haijajibu, na risiti zote ziko kwa mhasibu.